Kuku wa Nta wa Maman Nsimire

Fabien huyeyusha alumini na kuimimina kwenye mchanga uliofinyangwa, kutengeneza sufuria, mjini Bukavu. Mama yake, Nsimire, huketi mlangoni mwa karakana na kumchokoza.

"Hii sufuria iko na tumbo kama ya baba yako!"

Zamani Nsimire alifinyanga vyungu. Sasa vidole vyake vimekakamaa. Hata hivyo alifinyanga kuku mdogo wa nta ya nyuki.

"Huyu ni wa mwisho," alisema. "Vidole vimekataa."

Fabien alitaka kuku huyo awe wa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Alimbandika vijiti vya nta: kimoja kinene cha kupitisha bronzi, vingine vyembamba vya kutoa hewa. Akampaka udongo laini, kisha udongo mzito, akiacha ncha za vijiti wazi. Gamba hilo la udongo huitwa kalibu. Kesho yake akawasha makaa. Kalibu ilikuwa bado mbichi.

Jirani yake, Micheline, amefanya kazi ya bronzi miaka mingi. Aliigusa kalibu.

"Papa Fabien, unataka kutuua?"

"Maman Micheline, sufuria namimina kila siku, na mchanga wangu iko na maji kidogo."

"Mchanga unapitisha mvuke. Huu udongo umefunga. Bronzi ya moto ikikuta maji, kalibu itakupasukia ku uso. Na kuku atapotea. Nta ikishayeyuka na kutoka, hairudi."

"Dada zangu wanakuja Jumapili kutoka Kavumu. Nataka wamuone."

"Wakule ndizi!" Nsimire alidakia. "Kuku wangu angoje."

Jumapili dada wakaja, wakala ndizi, wakarudi. Kalibu ilikuwa kivulini, ikikauka polepole.

Ilipokauka, Fabien na Micheline waliichoma, mdomo wake, pale penye kijiti kinene, ukiangalia chini. Nta ikayeyuka, ikachuruzika yote. Ndani pakabaki nafasi yenye umbo la kuku. Waliendelea kuichoma mpaka udongo ukawa mwekundu. Kisha wakaigeuza na kuizungushia mchanga mkavu. Fabien alivaa buti na glavu, akamimina bronzi iliyoyeyushwa, kalibu ikiwa bado ya moto.

Haikupasuka.

Ilipopoa kabisa, aliivunja. Akakata vijiti, ambavyo sasa vilikuwa vya bronzi, akapiga tupa, akampa mama yake.

Nsimire alimpapasa kuku.

"Mukia umepinda."

"Ulipinda tangu ku nta, maman. Bronzi imefuata vidole vyako."

Nsimire alicheka mpaka akakohoa.

"Basi leta nta ingine. Huyu anahitaji jogoo."