Gari la Dereva Mmoja

SAA MOJA ASUBUHI

Magari yalikuwa mawili, ugomvi ulikuwa mmoja.

Yalikuwa yameegeshwa pua kwa pua nyuma ya karakana ya kupuliza rangi, kila moja limevishwa turubai. Pacha watupu: kiwanda kimoja, injini moja, turbo moja, rangi ileile ya kijivu isiyoshika jicho la mtu. Yote ya wizi, yote ya kuwashwa kwa kugusisha nyaya. Yalipotofautiana ni katikati ya viti. Moja lilikuwa otomatiki. Jingine lilikuwa na gia za mkono, na miguuni pedeli tatu badala ya mbili.

Katika chumba cha nyuma, Mwalimu alikuwa amemaliza kuchora ramani ubaoni. Huyu ndiye aliyekuwa kichwa cha genge. Aliwahi kufundisha hesabu kweli, kabla hajagundua kwamba kutoa katika mali ya wengine kunalipa kuliko kufundisha kutoa, na mpaka leo alikuwa hawezi kupanga wizi bila chaki mkononi. Mpango wenyewe haukuwa na mapambo. Ofisi ya mfanyabiashara wa vito, ghorofa ya kwanza, ngazi za nyuma. Mlinzi wa nyuma huenda kunywa chai saa nne, na chai yake ni ndefu. Watu wawili wapande, wachukue vito, washuke. Mmoja abaki uchochoroni na gari linalounguruma. Kisha mbio hadi kwenye machimbo ya zamani ya mawe, ambako Mwalimu mwenyewe atakuwa anasubiri na lori.

Wa kupanda walikuwa Nyundo na Shemeji. Nyundo alikuwa pande la mtu, mwenye bastola na maneno machache. Shemeji alikuwa kijana mtanashati, ndugu wa tumbo moja wa mke wa dereva, na genge zima lilimwita Shemeji, hata Mwalimu ambaye hakuwa ameoa kwao. Na dereva ndiye Kanyaga. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika siku nyingi. Mtu akishawatoa wenzake katikati ya magari matatu ya polisi, hatafuti jina, lenyewe humjia.

Watu wakisikia jambazi huwaza bunduki. Laiti wangejua asubuhi ngapi jambazi huzipoteza akibishana kuhusu gia.

Mwalimu alitaka otomatiki. Sababu zake alizipanga kama somo: otomatiki ya siku hizi inabadili gia kabla hujapepesa jicho, haizimiki kwa woga, na mikono yote miwili inabaki kwenye usukani. Enzi za klachi zimepita, alisema. Anayeng'ang'ania klachi anang'ang'ania ujana.

Kanyaga akajibu kwamba otomatiki ina akili zake. Ukiingia kona unataka gia ya pili, yenyewe inafikiria. Ukipanda mlima unataka nguvu, yenyewe inakuhurumia mafuta. "Mimi sitaki kushauriana na gari," alisema. "Nataka linisikilize."

"Na ukipigwa risasi?" Mwalimu akauliza. "Hapa hakuna mwingine anayejua klachi. Nani atatuendesha?"

"Hakuna."

"Basi umeona."

"Nimeona, Mwalimu. Ndiyo maana nalitaka."

Wote walijua anamsema nani. Mwaka uliopita dereva alikuwa mzee mmoja waliyemwita Babu. Gari lilikuwa otomatiki. Babu aliteremka kufungua geti lililokwama, risasi zikalia, na Mwalimu akasogea kiti kimoja tu, akakanyaga mafuta. Kuendesha otomatiki hata mbuzi anaweza akifundishwa kukaa. Babu mpaka leo yuko jela, na hakutaja mtu. Kanyaga alimpenda yule mzee. Tangu siku hiyo alikuwa amejiapiza kwamba hataketi tena kwenye gari ambalo mwingine anaweza kuondoka nalo.

Aliyesema wa kwanza ni Shemeji. Alisema yeye roho yake iko mkononi mwa dereva, basi dereva achague. La gia ataondoka nalo nani mwingine, yeye? Si alijaribu lile la gia juzi, wote wakaona? Walicheka, hata Nyundo. Juzi Shemeji alipanda kwa mbwembwe, akaiachia klachi ghafla, gari likaruka kama chura na kuubusu ukuta wa karakana. Fundi alikesha akinyoosha bampa huku akimtukana kimoyomoyo.

"Mwache achukue la gia, Mwalimu," Shemeji alisema. "Dereva akiwa na wasiwasi, sote tumekufa."

Mwalimu alifuta ubao na kusema haya, la gia. Kanyaga alimtazama yule kijana kwa upendo kabisa. Yeye ndiye aliyemtoa kijiweni, akamlisha, akamvisha, akamwingiza kwenye dili. Watu walimwambia usimlee ndugu wa mke, atakupanda kichwani. Leo amemlipa mbele za watu.

SAA MBILI NA NUSU

Alipita nyumbani kunywa chai.

Mkewe alikuwa amefunga mabegi, yako mlangoni. Hii ilikuwa kazi ya mwisho. Kanyaga alimwapia hivyo kwa kushika kichwa chake mwenyewe. Usiku huu wangehamia mji mwingine, wafungue chuo kidogo cha udereva, magari mawili tu ya kuanzia, na watu wamwite kwa jina lake halisi. Alikitaka kitu hicho kuliko vito vyote vya yule mfanyabiashara. Alishachoka kulala na viatu karibu.

Mkewe hakumuuliza mengi. Alimmiminia chai, akakaa, akauliza wamechagua gari lipi.

"La gia."

Akashusha pumzi. "Afadhali, mume wangu. Hilo hawawezi kuondoka nalo wakakuacha."

Kanyaga akamshika mkono juu ya meza. Mwanamke anayejua mumewe anaogopa nini ni hazina, alifikiri, na wengine wanaitafuta kwenye kasiki.

SAA NNE KASORO

Uchochoro ulikuwa mwembamba, mapipa ya taka upande mmoja, ukuta upande mwingine. Ngazi za nyuma ziliishia kwenye mlango wa chuma wenye komeo nje na ndani. Mlinzi alitoka akijinyoosha, akaenda zake kwenye chai.

Nyundo akashuka. Shemeji akashuka. Mlango ukawameza.

Kanyaga alibaki na injini. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya gia, unausikia mtetemo wake kwenye kiganja, na mguu ulikuwa tayari kwenye klachi. Hakuwasha redio. Hakuvuta sigara. Alihesabu madirisha ya ghorofani na kuyahesabu tena. Hakuna kelele, hakuna risasi. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, na kazi ikienda vizuri mno dereva mzuri hutoka jasho.

Mlango ukafunguka. Shemeji alitoka peke yake, begi la vito kifuani. Alirusha begi kiti cha nyuma, akaegemea dirisha la dereva, anahema.

"Nyundo ameanguka ngazini. Mguu umevunjika, nadhani. Simuwezi peke yangu, shemeji, yule ni tembo."

"Mburute."

"Nimejaribu. Njoo tushikane."

Kanyaga akatazama ngazi. Akatazama gari. Iko hivi: lingekuwa otomatiki, asingebandua makalio yake kwenye kile kiti, hata Nyundo angelia kama mtoto. Lakini hili lilikuwa lake. Hili halikuwa na dereva mwingine duniani. Na alimkumbuka Babu pale getini, akaona haya kumwacha mwenzake kwenye ngazi kama alivyoachwa yule mzee.

Alitoa gia, akavuta breki ya mkono. Injini hakuizima, gari la nyaya ukilizima katikati ya kazi, kuliwasha tena ni kutafuta balaa. "Twende," akasema, akatangulia ndani mbio.

Nyundo alikuwa amelala kifudifudi kwenye ngazi za katikati. Mguu ulikuwa mzima. Kilichopasuka kilikuwa kisogo, kwa kitako cha bastola, na bastola yenyewe haikuwepo. Alikuwa anapumua.

Nyuma ya Kanyaga hapakuwa na hatua za mtu. Chini, mlango wa chuma ulifungwa, na komeo la nje likalia.

Aliruka ngazi, akaupiga mlango kwa bega. Haukutikisika. Kule nje alisikia mlango wa gari ukifungwa taratibu, si kwa haraka ya mwizi, na hapo ndipo, Mungu amsamehe, alipotabasamu. Ngoja azime, alijisemea. Ngoja liruke kama chura. Utakuja kuufungua mlango huu mwenyewe, kijana, magoti chini.

Breki ya mkono ikashuka. Klachi ikakanyagwa. Gia ya kwanza ikaingia laini kama kisu kwenye siagi, na gari likaondoka bila kustuka.

Tabasamu likamfia mdomoni. Gia ya pili. Kisha, pale uchochoro unapokutana na barabara na gari lazima lipunguzwe, alisikia kitu alichokifahamu. Klachi mara moja, mafuta kidogo kuiamsha injini, klachi mara ya pili, halafu gia ikapanguliwa chini. Gari la kisasa halihitaji hivyo. Hakuna chuo kinachofundisha hivyo tena. Hiyo ni dawa ya gari bovu, ya pikapu moja kuukuu yenye gia zilizolika meno, aliyoachiwa na baba yake. Na katika maisha yake yote ameifundisha kwa mtu mmoja tu, jioni baada ya jioni kwenye uwanja mtupu, siku zile bado anamchumbia, mkono wake juu ya mkono wa binti yule, wakicheka kila gia ilipokwaruza.

Mlio wa injini ukaishia mbali. Vizuri sana, bila kosa hata moja.

SAA NNE NA DAKIKA CHACHE

Alimvuta Nyundo hadi juu, akamlaza kwa ubavu ili asipaliwe na damu. Ofisini mfanyabiashara na karani wake walikuwa wamefungwa utepe wa gundi midomoni, kasiki wazi, wanamtazama kwa macho ya kuku. Mlango wa mbele ulikuwa na geti la chuma, na nje ya geti watu walishaanza kukusanyika. Mtu alikuwa amepiga simu. Ving'ora vilikuwa vinakuja, kwa mbali, bila haraka, kana kwamba polisi wameambiwa kwamba mtu wao hana pa kwenda.

Nyundo alifumbua jicho moja. "Gari?"

"Limeondoka."

"Nani anaendesha?"

Kanyaga alikuwa anatafuta njia ya kuishi na alichokisikia, kama mtu aliyeangukia kisimani anavyopapasa ukuta. Kijana aliiba kwa macho, alijiambia. Pengine siku moja alikaa nyuma ya ile pikapu, akatazama miguu ya dada yake. Pengine alimdanganya dada yake kwamba anatafuta kazi ya udereva, naye akamfundisha kwa huruma, bila kujua. Dada hajui. Dada yuko nyumbani na mabegi, anasubiri, na polisi wakishanishika watakwenda kumvunjia mlango. Hilo likampa nguvu. Kama yeye amekwisha, basi mkewe asikamatwe. Lazima aambiwe atoke sasa hivi, aende popote, na asimwamini ndugu yake.

Simu zao waliziacha karakana, ndiyo sheria ya kazi. Lakini mezani kwa karani palikuwa na simu ya ofisi. Alisukuma kalamu na vikombe, akainua mkono wa simu, akabonyeza namba aliyoijua kuliko siku yake ya kuzaliwa. Chini, viatu vya polisi vilikuwa vimefika kwenye geti, na mtu alikuwa anamwamuru mwenye duka la jirani, aliyewekewa ufunguo wa akiba, aulete.

Iliita mara moja tu. Ilipokelewa na mtu aliyekuwa ameishika mkononi, mtu ambaye hakushangaa kupigiwa na namba asiyoijua. Na kabla Kanyaga hajapata kutamka neno, kabla hajamwambia kimbia mke wangu, sauti ile aliyoipenda iliuliza kwa kunong'ona, kwa pupa:

"Alishuka?"

Kanyaga akasikiliza pumzi za mkewe. Nyuma ya pumzi hizo palikuwa na kelele za barabara. Hakuwa nyumbani. Geti la mbele likafunguliwa, ngazi zikajaa watu.

"Nilishuka," akasema.

Upande wa pili hakuna aliyekata. Askari wa kwanza alipoingia na bunduki alimkuta ameketi kwenye kiti cha karani, mkono wa simu sikioni, na ilibidi amwambie mara tatu aiweke chini.