Reguleta Iliyovishwa Sponji

Kila Jumamosi mimi ndiye mwosha pikipiki wa nyumba yetu. Mama ni mkunga. Huizungusha pikipiki yake kwa wajawazito na kurudi na matope hadi kwenye kiti. Matope siyaogopi. Kilichonikera ni reguleta, kile kidude cha chuma chini ya kiti chenye mapezi membamba, ambayo lazima uyasugue moja moja kwa mswaki mkuukuu. Jumamosi ile nikachoka. Ili matope yasiifikie tena, nikaiviringishia sponji, juu yake mfuko wa plastiki, nikafunga kwa utepe. Nikajiona nina akili kuliko waliounda pikipiki!

Jumatatu asubuhi mama alinipakia kwenda shule. Njiani nikasikia harufu ya yai viza. Kiti kikapata moto chini ya mapaja yangu. Taa ya mbele ikang'aa kupita kiasi, kisha pa! Ikaungua.

"Mama, simama!" nilipiga kelele.

"Nimeona. Tulia, mwanangu."

Tuliisukuma hadi kwa fundi. Kwake kulikuwa na foleni, naye alifanya haraka haraka: akabadilisha balbu, akapangusa mikono. "Balbu tu hiyo, dada. Nenda salama."

Mama akatazama saa. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na mjamzito aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. "Shule si mbali, malizia kwa miguu," aliniambia, akavaa kofia ngumu.

Hapo nikaikumbuka sponji yangu chini ya kiti. Nikisema, watu wote pale watanicheka, na mama atanigombeza. Nisiposema? Akilini nilimwona mama peke yake kule mlimani, moto unawaka chini yake. Jamani, niliogopa! Mama akainua mguu kupiga kiki.

"Usiende!" Nilimng'ang'ania mkono huku nalia. "Ni mimi, mama! Nimeifunga reguleta!"

Fundi akafungua kiti mbio. "Mungu wangu!" Plastiki ilikuwa imeyeyuka, betri imevimba ubavu na maji yake yanatokota.

"Sikiliza, binti," alisema. "Injini hutoa umeme mwingi kuliko unaohitajika. Reguleta huuzuia ule wa ziada usiiunguze betri. Ziada hiyo hugeuka joto, na joto hutokea kwenye mapezi haya, upepo ukalichukua. Wewe umemvisha sweta mtu mwenye homa! Reguleta imeungua, umeme wote ukaivamia betri." Akamgeukia mama. "Ungeendelea, ingekulipukia. Nami nilikurupuka na balbu, dada. Nisamehe. Chukua pikipiki yangu, uwahi."

Siku nzima darasani sikusikia neno. Jioni mama alirudi, akaketi kando yangu kitandani. Niliinamisha kichwa nikingoja.

"Mtoto kazaliwa salama," alisema. "Sasa nisikie vizuri. Uvivu wako umeharibu reguleta na betri, na Jumamosi utasugua mapezi ya reguleta mpya mpaka niseme basi. Hilo halina mjadala. Lakini ulikuwa na hofu, na bado ukasema kweli. Ukikosea siku yoyote, niambie papo hapo, hata kama unatetemeka. Ungenyamaza leo, nisingefika kwa yule mama, wala nisingerudi kwako."

Akanishika mkono. Hakuuachia mpaka nilipolala.