Tonge la Mwisho

Mchana, jua likishapita juu ya bati, nyumba yetu husinzia. Mvuke wa sufuria unapanda, unazunguka, unatoka dirishani taratibu kama mtu asiye na haraka. Mimi hukaa kwenye kiti changu karibu na mlango, macho nimeyafumba nusu. Bibi yenu husema nalala. Silali, wajukuu. Nasikiliza nyumba.

Ndivyo nilivyowasikia majirani wapya. Fundi viatu na nyundo yake ndogo, ko, ko, ko, na mkewe. Walitoka mbali, kwa watu wengine kabisa, na lugha yetu waliijua kwa kuokoteza. Fundi alikuwa na wateja wa kuongea nao. Mkewe hakuwa na mtu. Alishinda nyuma ya pazia la bluu. Upepo ukilisogeza, unaona mkono tu.

Bibi yenu roho ilimuuma.

"Mzee, kanisani tunaimba upendo kila Jumapili, na huyu dada anakauka hapo ng'ambo ya ukuta."

"Si umkaribishe?"

Akamkaribisha. Akapika wali na kuku, harufu ikafika barabarani. Mgeni akaja, akakaa, akala. Sasa, kwetu sisi mtu akishiba anabakiza tonge moja. Sahani ikiwa nyeupe, ujue bado ana njaa. Mgeni akamaliza. Bibi yenu akaongeza. Mgeni akamaliza. Bibi akaongeza tena. Nikasema moyoni, huyu mwembamba hivi, anaweka wapi? Jasho lilimtoka mpaka kidevuni. Na hapo hapo Bibi akafungua Biblia, akasoma sura nzima, mwenzake kashika tumbo.

Kuanzia siku ile pazia halikusogea. Bibi akipeleka chakula, fundi anapokea mlangoni, kwa heshima. "Asante, mama. Mke wangu amelala." Kila siku amelala.

Bibi yenu akaacha kuimba jikoni. Kwa mnavyomjua, hilo si dogo.

"Nimemkosea," akasema. "Na sijui wapi. Atazeeka humo ndani peke yake, na mimi ndiye niliyemfungia mlango."

Ndipo akapita mwinjilisti wetu. Watu humwita Pedeli, maana baiskeli yake imefika kwa watu wa kila namna. Akanywa chai, akasikiliza yote.

"Mama, sahani ilipoisha ulifanya nini?"

"Nikaongeza. Nimnyime?"

Pedeli akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Watu wa kwao nimekaa nao. Kule ukibakiza chakula umemtukana mpishi. Alikuwa anamaliza ili akuheshimu, na wewe unaongeza ili umheshimu. Heshima mbili zimepigana, tumbo ndilo limeumia."

"Maskini weee," Bibi akasema, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yanatikisika. Sikujua analia au anacheka.

"Mgeni muulize kwanza," Pedeli akaendelea. "Anakula nini, hali nini. Mwache ajipakulie. Na Neno lisije juu ya sahani yake kama bei ya chakula. Chakula si chambo, mama. Ombea chakula kwa kifupi, mle. Akitaka kujua zaidi, atauliza."

"Nikapike tena?"

"Hapana. Safari hii nenda ukale kwake. Umempa, umempa, naye mikono yake iko mitupu. Nani anapenda kuwa mgeni siku zote?"

Kesho yake Bibi akasimama mbele ya pazia la bluu. Hakubeba sufuria. Nilimsikia kutoka kwenye kiti changu.

"Dada, mkate wenu unanukia mpaka kwangu. Nifundishe."

Nyundo ya fundi ikanyamaza. Halafu zile pete za pazia zikalia, chwaa, kwenye waya.

Pazia likiwa wazi, niliwaona wakikanda unga mchana kutwa. Mwanga uliingia na vumbi la unga, wote wawili wakaonekana kama watu wa ndotoni. Mkate na mchuzi vikaiva, Bibi akala, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate mpaka ikang'aa. Mwenyeji akaitazama ile sahani. Akainua upawa, akauelekeza kwa Bibi polepole, kama anamtisha. Bibi akafunika sahani kwa mikono yote miwili. Wakacheka, hata mimi huku nikacheka, na nilikuwa silali.

Siku hizi pazia limefungwa kwa kamba, liko wazi. Juzi yule dada alikuja kula kwetu. Bibi akaombea chakula maneno machache, kila mtu akajipakulia. Tukala. Mwishoni mgeni akasogeza sahani yake mbele ya Bibi. Pembeni alikuwa amebakiza tonge moja, amelifinyanga vizuri, la mviringo.

"Nimeshiba, mama," akasema.

Akautazama mvuke ukitoka dirishani.

"Yale maneno unayosema kabla ya kula. Unamwambia nani?"

Bibi yenu akavuta kiti.