Polisi wa Dirishani

Hadithi hii sikuitunga mimi. Nilipewa na Meche Olmedo, Mungu amrehemu, miaka ile tulipokuwa tumepanga vyumba vya uwanja mmoja mtaa wa Doctores, jijini Meksiko, tunafulia karo moja. Meche alikuwa mtu wa matusi, ndiyo, lakini wa kuongopa hapana. Siku aliyonihadithia alikuwa ameshika shati la mumewe ndani ya povu, na hakulifikicha hata kidogo mpaka alipomaliza. Haya, sogeeni. Na wewe, mwondolee mwenzio mguu.

Palikuwa na mwanamke anaitwa Otilia Barrientos. Chumba chake kilikuwa ghorofani, kinatazama uwanja, na alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Rosario, miaka sita, jina la nyumbani Chayo. Baba mtu alikwenda kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kuchuma nyanya, barua zikapungua, zikapungua, zikakoma. Kwa hiyo Otilia ana Chayo, na Chayo ana Otilia, basi.

Na huyo Chayo alikuwa na mdomo! Anaamka anaongea, anakula anaongea, anaongea na kuku, anaongea na nguo kwenye kamba. Majirani walimpa jina la Redio. "Redio, jizime kidogo, kichwa kinaniuma," watamwambia, naye anajibu, "Redio haina kifungo!" Otilia alikuwa anaipenda sauti ile kuliko chakula. Akipanda ngazi jioni amechoka, akiisikia tu, miguu inapata nguvu.

Otilia na Meche walikuwa majirani, na walifanya kazi nyumba moja, ya kupaka rangi katuni za televisheni. Wakati ule ndio katuni za televisheni zilikuwa zinaanza, na kila rangi mliyoiona ilipakwa na mkono wa mwanamke. Michoro inatoka kaskazini, inanakiliwa kwenye plastiki angavu, wao wanaigeuza plastiki na kupaka kwa nyuma, wamevaa glavu nyeupe za pamba jasho lisiguse. Ilikuwa katuni ya kuchekesha. Polisi mnene anamfukuza kasuku anayemtukana. Kila juma anamfukuza, kila juma anaishia ndani ya pipa la taka.

Sasa tegeni sikio. Katuni ile ilifanywa kwa haraka na kwa kubana. Mwili wa polisi haukuchorwa mara elfu, ulichorwa mara moja: kofia, tumbo, vifungo, macho. Mdomo hapana. Midomo ilikuwa kwenye plastiki zake, saba, kila mmoja na namba. Wa kwanza umefumba, wa pili umeachama kidogo, hivyo hivyo mpaka wa saba unacheka meno yote nje. Wanalaza mwili, juu yake mdomo, wanapiga picha. Wanabadilisha mdomo, wanapiga tena. Wewe unayetazama unasema polisi anaongea, kumbe mwili umekaa kama maiti, kinachokwenda ni mdomo tu.

Kazi ikiisha plastiki zinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, zitumike tena. Zilizochubuka wanawake wanaruhusiwa kuchukua. Mtaani kila nyumba ilikuwa nazo, huyu katandika mezani, yule kawatengenezea watoto tiara.

Mwezi wa Mei ikanyesha mvua ya mawe, ikavunja kioo cha dirisha la Otilia. Kesho yake kazini akaokota plastiki ya polisi, ile ya mwili, imechubuka pembeni, akaibana chini ya kwapa.

"Mwoshe kwanza," Meche akamwambia.

"Nimwoshe nini, anapendeza hivi? Chayo ataruka mpaka darini."

"Shoga, huyo hana mdomo."

"Mdomo wa nini dirishani? Amwite muuza viazi?"

"Mimi kwangu kitu chenye macho kisicho na mdomo siweki. Kinakuona halafu hakikwambii."

"Mshamba we, Meche."

"Mshamba mwenye kioo dirishani!"

Wakacheka wote wawili. Otilia akampeleka polisi nyumbani, akambandika dirishani kwa gundi ya karatasi. Jua likipita, chumba kinakuwa na rangi ya buluu. Chayo alifurahi mtoto wa watu hata chakula hakula. Akavuta kigoda, akakaa chini ya dirisha, akamsimulia polisi habari za shule.

"Mama, mbona hanijibu?"

"Hana mdomo, mwanangu."

"Maskini! Basi mimi nitamwazima wangu."

Na Otilia akacheka. Alikuwa anakoroga maharage, akacheka, wala hakugeuka.

Kesho yake chumba kilinuka siki. Otilia akatafuta chupa iliyomwagika, chini ya kitanda, nyuma ya jiko, hakuna. Akafungua mlango, harufu ikabaki. Siku ya pili ikabaki. Siku ya tatu wamekaa mchana wanakunywa supu ya tambi, Chayo anasimulia mwalimu wao alivyofukuzwa na bata. Otilia anaitikia tu, eeh, eeh. Mara akatazama kijiko cha mtoto. Kilikuwa hewani, nusu ya njia. Tone la supu lilikuwa limening'inia ncha ya kijiko, halidondoki. Mkono hautetemeki. Mabega hayapandi wala hayashuki. Macho hayapepesi. Mdomo peke yake unakwenda.

"Chayo, acha mchezo."

Mdomo ukaendelea na bata. Na Otilia, ambaye aliipaka midomo ile kwa mikono yake miwili mwaka mzima, akaiona ikipita usoni kwa mwanawe mmoja mmoja, wa tatu, wa tano, wa pili, wa tano, akajikuta anaihesabu, na alipomshika mtoto begani bega lilikuwa baridi na laini kama plastiki, na tone likadondoka, na Chayo akapepesa macho akasema, "Mama, mbona unaniumiza?"

Hakumwambia mtu. Angemwambia nini mtu?

Jumamosi wanawake wote walikuwa karoni, jua kali, saa nne asubuhi. Chayo amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Kule juu wakasikia Redio inaimba, ule wimbo wa kuruka kamba, na wanawake wakawa wanaitikia huku wanafua. Meche ndiye aliyeacha kwanza.

"Otilia," akasema polepole. "Mtoto wako yuko wapi?"

"Si huyo kwenye ndoo."

"Anaimba nani, basi?"

Wakamtazama Chayo. Mdomo wake ulikuwa umefumba. Wakatazama juu, na dirishani polisi mnene amesimama na vifungo vyake, na pale chini ya pua, mahali ambapo Otilia alijua hapana rangi kwa sababu rangi aliipaka mwenyewe, pakawa na kivuli kinafunguka na kufumba, kinafunguka na kufumba, na sauti ya mtoto wake ikatoka humo ikasema kwa furaha, "Mama! Leo tunakula nini?"

Mwanamke mmoja alikimbia na sabuni mkononi hata mlango hakufunga.

Otilia akapanda ngazi akamvamia yule polisi, akabandua pembe ya kwanza, na huku chini shingo ya Chayo ikalala upande. Akabandua ya pili, Meche akapiga ukelele, "Rudisha! Rudisha, anakata roho!" Mtoto alikuwa ameanguka kwenye maji ya sabuni kama nguo iliyochomolewa kwenye kamba, midomo imekuwa ya buluu. Otilia akazikandamiza zile pembe kwa viganja, analia, anambembeleza kile kitu, "Nimerudisha, nimerudisha, tazama, nimerudisha," mpaka aliposikia Meche anasema, "Anapumua."

Wakamwita Doña Tomasa, mganga wa sokoni. Alikuja Jumatatu mchana, mwanamke mfupi, na ubani wake na fungu la majani machungu na yai kwenye mfuko wa aproni. Wakati huo Chayo hatikisiki tena, amekaa kitandani kama alivyokalishwa, anaona, machozi yanamtoka, basi. Maneno yote yako dirishani. Doña Tomasa akampangusa kwa majani toka utosini, akamzungusha yai, akalipasua ndani ya glasi ya maji. Kiini hakikuzama wala hakikuelea. Kilisimama katikati, kimepasuka, kinaachama na kufumba.

"Nani kakualika?" Doña Tomasa akaliuliza dirisha.

"Huyo," sauti ya Chayo ikajibu. "Nilikuwa napita na mvua ya mawe. Nikakuta mwili mtupu dirishani. Mtoto akasema ananiazima mdomo, mama yake akacheka. Mimi sikuvunja mlango."

Otilia akapiga magoti. "Chukua wangu. Wangu mkubwa zaidi, chukua."

"Wako sikuazimwa."

Doña Tomasa akamvuta kando, akanong'ona. "Mama, hili halifukuziki, limekaribishwa. Mwili huo una midomo yake uliyochorewa?"

"Saba."

"Lete hata mmoja. Akipata wake, hana haja na wa mtoto. Lakini uwe wake, sio wa kubuni. Kimbia. Linazidi kumzoea."

Na Otilia akakimbia, hakuvaa hata viatu, akapita katikati ya magari na watu wanamtukana, akili yake ina kitu kimoja tu, kwamba leo ni Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ya kuosha, na midomo huwa wanaanza nayo kwa sababu ni midogo, na akipanda zile ngazi za kazini alisikia mabomba yamefunguliwa, na alipoingia alimkuta Meche kwenye sinki, mikono ndani mpaka viwiko, anaimba, na maji yalikuwa mekundu, na juu ya maji vinaelea vipande vya meno meupe na vipande vya ulimi, vinazunguka, vinaingia kwenye tundu.

"Meche! Midomo ya polisi!"

"Ndiyo hii naimaliza. Kuna nini?"

Meche aliponihadithia hapo aliitoa mikono kwenye povu, akaitazama. "Mikono ilikuwa yangu," akasema. "Mungu anajua sikujua."

Ulibaki mmoja, umegandia chini ya trei. Otilia hakuutazama. Aliufuta kwa gauni, akaushika kifuani, akarudi mbio na Meche nyuma yake, anaita, "Shoga, ngoja, tazama namba!" Hakuna aliyesikia.

Chumbani Doña Tomasa alikuwa anasoma dua na jasho linamtoka. Otilia akaenda moja kwa moja dirishani. Na sauti ya Chayo, safari hii ya Chayo mwenyewe, mama anaijua, ikatoka ndogo, ya kuogopa: "Mama, ngoja kwanza..."

Akaukandamiza.

Kimya. Harufu ya siki ikakatika kama taa. Kitandani Chayo akavuta pumzi, akashusha mikono, akaruka chini akamkimbilia mama yake akamkumbatia kiuno, mwili wa moto, moyo unadunda. Otilia akambusu kila mahali. "Sema mama. Mwanangu, sema mama."

Chayo akafungua mdomo. Ulimi upo, meno yapo. Hakikutoka kitu.

Ndipo Meche akafika anahema, akatazama dirishani, akakaa sakafuni. Ulikuwa mdomo wa kwanza. Uliofumba.

Doña Tomasa akakusanya majani yake. "Sauti ya mtoto ilikuwa bado ndani ya huyo polisi ulipomfumba," akasema. "Mimi hapo sina dawa, mama. Sina."

Walijaribu. Meche alichora mdomo unaocheka, wakaubandika, ukajikunja ukaanguka. Waliandika barua kwa wachoraji wa kaskazini, haikujibiwa. Siku moja Otilia akainua kidogo pembe ya ule mdomo kwa ukucha, aone. Chayo alikuwa anashuka ngazi. Alisimama mguu hewani, akaporomoka mpaka chini, akavunjika mkono. Otilia akaurudisha, na ukucha ule akaukata mpaka damu.

Ikawa ndivyo hivyo. Katuni ikaisha, nyumba ya kazi ikafungwa, majirani wakahama. Otilia hakuhama. Ungehama vipi? Alitundika pazia zito dirishani, na Chayo akakua, mrefu, hodari wa kushona, anaongea kwa mikono. Jioni Otilia akimaliza kazi aliingiza kichwa nyuma ya pazia, akaweka sikio kwenye plastiki, akakaa hivyo mpaka chakula kinapoa. Meche alimuuliza mara moja anasikia nini. Otilia akasema, "Ananong'ona. Simpati anasema nini."

Alikufa Otilia mwezi wa Februari, Chayo ana miaka thelathini na tatu. Wakamlaza chumbani humo humo, mishumaa minne, wanawake wanasali rozari. Wanaume walipokuja kufunga jeneza, Chayo akaliangukia, akaachama mdomo wote, mishipa ya shingo imesimama, analia bila sauti hata ya kupumua. Wanawake wakaacha kusali.

Maana nyuma ya pazia kulikuwa na mtoto wa miaka sita, anamlilia mama yake, kwa sauti ya mtu aliyefumba mdomo.

Haya, vijukuu vyangu. Vutaneni shuka, mgeukie ukutani, mlale.