Kola ya Wifi

Kila asubuhi Fundi alifungua duka lake la ushonaji, akafuta vumbi cherehani mbili, kisha akaanza kumfundisha wifi yake. Wifi alikaa ng'ambo ya meza, mikono mapajani, macho kodo. Fundi alishona kola huku akieleza bila kupumua.

"Umeona, wifi?"

"Nimeona, wifi."

Zamu yake ilipofika, kola ilitoka kama sikio la mbuzi. Fundi akaifumua, akaishona mwenyewe. Mwezi mzima ulipita hivyo.

Kazi ya sare za shule ilikuwa ianze baada ya wiki tatu. Wifi asipojua kola, ingebidi achukuliwe mtu mwingine. Naye alikuwa mjane wa kaka yake, hana kazi nyingine. Fundi alimpenda, na wazo la kumwacha lilimkosesha raha.

Siku moja wifi alikwenda kununua uzi. Jirani yao, mkufunzi wa wauguzi, alikuja kuchukua gauni lake.

"Mwezi mzima namwonyesha wifi kola, hajui. Labda kichwa chake kizito," Fundi alimwambia.

"Hebu kaa pale anapokaa yeye."

Fundi akakaa. Jirani akashika kitambaa, akajifanya anashona. Kulia kukawa kushoto, na mkono wake ukaziba sindano.

"Kumbe haoni kitu," Fundi alisema kwa aibu.

"Tena anatazama tu. Mpe mabaki ya vitambaa, akosee hapo. Usimfumulie. Muulize kosa liko wapi. Na kila asubuhi, kabla hujamwonyesha lolote, akutajie hatua za jana. Akijitahidi kukumbuka, ndipo mambo yanakaa kichwani."

"Akisahau?"

"Msaidie hatua hiyo tu. Wanafunzi wangu nao hukosea kwanza kwenye mdoli, hawaanzi kwa kuchoma wagonjwa sindano. Wewe ungekubali?"

Fundi akacheka.

Siku ileile stuli ya wifi ilihamia ubavuni mwa Fundi, na kapu la mabaki likawekwa kati yao. Mwanzoni wifi alisahau hatua mbili, baadaye moja. Akaanza hata kuuliza maswali.

Wiki ya tatu alishona kola nzima. Ncha moja ikatoka butu. Mkono wa Fundi ukauendea wembe wa kufumulia. Akaurudisha mkono, akaukalia.

"Kosa liko wapi, wifi?"

Wifi aliigeuza kola ndani nje. "Sikupunguza kitambaa cha ndani kwenye ncha." Akapunguza, akageuza. Ncha ikachongoka vizuri.

"Na ile yako ya jana, wifi," aliongeza taratibu, "nayo hukupunguza."

Fundi aliichukua kola yake, akaitazama. Kweli.

Vitambaa vya sare vilipoletwa, cherehani zote mbili zililia tangu asubuhi, na kola zote zilipita kwanza mikononi mwa wifi.