Waliokuja Kliniki Peke Yao

Jirani zangu, nyumba ninayoisema mngepita mbele yake mngeitamani. Asubuhi watoto wamevaa sare, redio inaongea kwa sauti ya chini, na bibi yao, mama mzazi wa mwenye nyumba, ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba chake cha uani, anaota jua. Hakuna ugomvi wala kelele.

Mwenye nyumba alifundisha masoko katika chuo cha biashara. Wanafunzi walimwita Mwalimu Soko, na jina lilimkaa, kwani mtu yule angeweza kumuuzia mwenye kipara kitana. Kila asubuhi alikatiza uani mbiombio, funguo mkononi.

"Shikamoo mama, nimechelewa!"

"Marahaba, mwanangu. Jana usiku goti..."

Mwana keshafika getini. Siku za kliniki ya presha alimwita mwenye bodaboda ampeleke mama, akamlipa, akajiona ametimiza wajibu. Msimcheke haraka. Wangapi kati yetu tumeugeuza wajibu kuwa nauli?

Muhula ule darasa lake lilikuwa linasoma habari za walengwa.

"Anayetangaza kwa kila mtu hasikilizwi na yeyote," aliwaambia. "Msianze na bidhaa, anzeni na mtu. Ni nani? Yuko wapi? Anakosa nini? Ukishajua anachokosa, umeshauza."

Akawatuma kila mmoja atafute bidhaa na wateja wa kweli. Siku ya kuwasilisha kazi, alisimama binti mmoja mpole wa mstari wa mbele. Alikuwa akiuza unga wa majani uliotengenezwa na shangazi yake, ati unamaliza presha kabisa.

"Nilikwenda kukaa kwenye benchi la kliniki," alisema. "Wazee waliosindikizwa niliwaacha, maana mtoto akiwepo atauliza maswali. Niliwalenga wanaokuja peke yao."

"Na hao wanakosa nini?"

"Mtu wa kuwajulia hali, Mwalimu. Kwa hiyo kila asubuhi nawatumia ujumbe wa sauti. Shikamoo bibi, umeamkaje? Unga nautaja mwishoni tu."

Mwalimu Soko akapiga meza kwa furaha. "Mmesikia? Huyu hauzi unga, anauza salamu!" Darasa zima likapiga makofi, naye akampa binti alama za juu kuliko wote. Hakuuliza kama unga ule ulikuwa unashusha presha kweli, wala wazee wale walikuwa mama za nani. Swali dogo kama hilo halihitaji shahada, jamani.

Najua mmeshaanza kuhisi. Haikupita muda mrefu, mama akaanguka kwenye sinki la uani akiosha kikombe. Mke wa Mwalimu ndiye aliyempeleka hospitali, kisha akampigia mumewe simu. Kilikuwa kiharusi.

"Vidonge vyake vya presha alikuwa anameza?" daktari aliuliza.

Mwalimu alimtazama mkewe, naye mkewe akatazama sakafu. Hakuna aliyejua. Mke aliporudi nyumbani kuchukua nguo za mgonjwa, alikuta pakiti za vidonge hazijafunguliwa, na pembeni yake kopo la unga wa kijani.

Kesho yake asubuhi, Mwalimu akiwa kando ya kitanda, simu ya mama ikalia ndani ya mkoba. Akaibonyeza.

"Shikamoo bibi yangu! Jana hukunijibu, nina wasiwasi. Umeamkaje? Usisahau kijiko chako cha unga."

Sauti ile aliijua. Akafungua ujumbe wa nyuma, majibu ya mama yake mwenyewe: "Marahaba, mjukuu wangu. Usiku goti limenisumbua, lakini ukinisalimia napata nguvu. Vile vidonge nimeviacha kama ulivyoniambia." Ulikuwepo mwingine, na mwingine. Mama alikuwa amemsimulia mgeni ndoto zake, meno yake, hata hofu yake ya kufa usingizini. Mwanawe hakuwahi kuyasikia hata moja.

Akampigia binti.

"Yule bibi wa kliniki ni mama yangu."

Binti akaangua kilio. "Naapa sikujua, Mwalimu. Nilifanya kama ulivyotufundisha."

Mwalimu akakata simu bila kumgombeza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. "Jirani," aliniambia baadaye, macho yamemwiva, "nilimsifu. Niliwasimulia wenzangu ofisini kuhusu mteja wake, nikicheka. Kumbe ni mama yangu."

Walikwenda wote wawili kwenye benchi lile, mwalimu na mwanafunzi, wakawaomba wazee radhi mmoja mmoja na kuwasihi warudie vidonge vyao. Wengine walisamehe. Bibi mmoja aliuliza tu, "Kwa hiyo hutanisalimia tena?" Binti akalia upya, akaahidi kuendelea kumsalimia, safari hii bila unga.

Mama alipona, lakini upande mmoja umelegea na ulimi umekuwa mzito. Sasa kila asubuhi Mwalimu Soko anaweka kiti chake kando ya kile cha plastiki.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

Midomo inahangaika, marahaba haitoki. Anachelewa kazini siku hizi, lakini anangoja.

FUNZO

Kumfundisha kijana kumjua mteja si kosa. Kosa ni kumfundisha atafute palipo na upweke bila kumwambia kwamba mteja naye ni mama wa mtu, na kwamba kumdanganya ni kumdhuru. Nanyi mlio na wazee, wasalimieni wazee wenu na muwasubiri wajibu. Salamu usiyompa mzee wako nyumbani, yupo mtu nje atakayemuuzia.