Kadi ya Mwandiko Mmoja

Asubuhi ile viatu vya kazi vilikataa kuingia. Muuguzi alisukuma mguu wa kulia, akasukuma wa kushoto, wapi! Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa anakunywa chai mlangoni. Akacheka.

"Leo viatu vyako vimekonda."

"Vililowa jana, vimesinyaa tu," mkewe akajibu. Akavaa ndala, akatoka.

Ulikuwa uongo, na si wa kwanza mwezi huo. Kazini walimwita Chapchap kwa sababu ya mwendo wake. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba yake ya kwanza ilitoka miaka miwili nyuma. Hii ya pili mumewe alikuwa ameshaitengenezea kitanda cha chuma.

Kichwa kilimgonga tangu alfajiri. Kwa wiki tatu presha yake ilikuwa juu, na alijua. Wauguzi wa wodi ile walikuwa na desturi mbaya. Mmoja wao akipata mimba, hapangi foleni kliniki. Hujipima kwa mashine ya wodini na kujiandikia kwenye kadi yake. Chapchap aliongeza ubaya wake mwenyewe. Mashine ikionyesha namba kubwa, alikaa, akapumua, akapima tena. Na tena. Ikitokea namba nzuri, hiyo ndiyo aliyoiandika. Isipotokea kabisa, aliandika ya wiki iliyopita.

Kwa nini mtu aliyesomea kazi hii afanye hivyo? Kwa hofu. Katika chumba cha chai alisikia kwamba mjamzito akipewa mapumziko ya ugonjwa, siku hizo hukatwa kwenye likizo yake ya uzazi. Naye alitaka kila siku ya likizo hiyo akae na mtoto. Tena kila zamu ilikuwa na wauguzi watatu kwa vitanda arobaini. Mwenzao mmoja mjamzito aliwahi kuomba kazi nyepesi, wakamsema mpaka akahama. Aliyemsema kuliko wote ni huyu huyu Chapchap. "Mimba si ugonjwa, dada," ndivyo alivyomwambia.

Siku hiyo ilikuwa zamu yake kuwafundisha wajawazito dalili za hatari. Wao walikaa kwenye mabenchi, yeye akasimama mbele.

"Ukiona hata moja katika hizi, usingoje kesho," aliwaambia. "Kichwa kuuma sana bila kutulia. Macho kuona vimulimuli au giza. Uso na mikono kuvimba. Maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu. Kutokwa na damu. Mtoto kupunguza kucheza. Njoo hospitali siku ile ile."

Mama mmoja muuza nyanya aliinua mkono.

"Samahani, Sista. Hizo unazotutajia, mbona unazo wewe? Uso umevimba, pete imezama kidoleni, na kichwa umekishika tangu tukae."

Wanawake wakacheka. Chapchap naye akajaribu kucheka. Muuza nyanya hakucheka.

"Sista, mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema.

Chapchap alifungua mdomo kumjibu. Vimulimuli vikajaa machoni. Akatafuta ukuta kwa mkono, asiupate.

Alijikuta amelala kitandani. Mkunga mkuu wa wodi, mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi, alikuwa anamfungua kitambaa cha presha mkononi.

"Mia na sabini kwa mia na kumi," Shangazi alisema. "Na mkojo wako una protini. Unajua maana yake?"

Chapchap alijua. Machozi yakamtoka.

"Lete kadi yako."

Shangazi aliisoma ukurasa kwa ukurasa. Akaifunga.

"Kadi yote mwandiko mmoja," alisema. "Wako. Kinyozi hajinyoi, mwanangu. Ni mgonjwa gani wodini humu anayejiandikia kadi yake?"

"Niliogopa, Shangazi. Nikilazwa sasa, likizo ya uzazi itaisha kabla mtoto hajazaliwa."

"Nani kakwambia?"

"Wanasema."

"Wanasema! Ofisini ulikwenda?"

"Hapana."

Daktari aliitwa, akaanza kumpa dawa za kushusha presha na sindano ya kuzuia kifafa cha mimba. Wakati huo Shangazi alimpigia simu afisa wa utumishi, akaweka sauti juu ili Chapchap asikie mwenyewe.

"Kwa utaratibu wetu, likizo ya ugonjwa ni mbali na likizo ya uzazi ni mbali," afisa alisema. "Tunachotaka ni barua ya daktari. Na angekuja mapema tungemwondoa zamu za usiku na kazi ya kunyanyua wagonjwa."

Shangazi akakata simu. "Umesikia? Kila mahali pa kazi pana utaratibu wake, ndiyo maana mtu huuliza. Unamwambia mkuu wako mapema, kwa maandishi, unabaki na nakala. Chumba cha chai si ofisi."

"Na wenzangu? Kwa zamu tuko watatu tu."

"Upungufu wa watu ni mzigo wangu na wa wakubwa wangu. Usiubebe kwa tumbo."

Alilazwa siku kumi na tisa katika wodi yake mwenyewe. Wenzake walimpima asubuhi na jioni, wakaandika wao. Siku ya ishirini dawa zilishindwa, wakamfanyia upasuaji. Mtoto wa kike alitoka na kilo moja na robo. Hakulia. Walimkimbiza chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wakamwekea mpira wa hewa puani.

Mumewe akiwa pembeni, Chapchap alimuuliza daktari swali ambalo hakutaka jibu lake.

"Ningekuja wiki tatu kabla?"

Daktari hakumdanganya. "Presha ikiwa juu hivyo, chakula hakimfikii mtoto vizuri. Tungekutibu mapema, na tungeona mapema kwamba hakui. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Likizo yake ya uzazi ilianza kuhesabiwa siku ya kujifungua, haikupungua hata siku moja. Zaidi ya mwezi mzima wa likizo hiyo aliumalizia pale chumba cha watoto, akikamua maziwa tone kwa tone, akimbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Mara mbili mtoto alisahau kupumua, na mara mbili walimgutusha. Siku hizo Chapchap aliona dunia nzima ni chungu.

Alimpigia simu yule mwenzake aliyehama, akamwomba radhi. Mwenzake alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akakata.

Wodini, Shangazi alipiga marufuku muuguzi kujipima. Wawili waliopata mimba baadaye mwaka huo walikwenda kliniki na kupanga foleni. Mmoja alikutwa na presha akiwa na miezi mitano. Alipewa dawa, akaondolewa zamu za usiku, akajifungua mtoto wa kilo tatu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mtoto wa Chapchap alipofika kilo mbili, waliruhusiwa. Nyumbani fundi alikaa kitandani, akampokea binti yake kwa mikono yote miwili. Alimtazama sana. Kisha akauliza bila kuinua macho:

"Wiki zile tatu, ulikuwa unajua?"

Chapchap angeweza kusema hapana. Angeaminiwa.

"Nilijua," alisema.

Mtoto alijinyoosha, akapiga chafya ndogo, akalala tena.

"Ile mimba ya kwanza tuliizika wote wawili," mumewe alisema. "Hii ulitaka kuihofia peke yako. Usinifanyie tena hivyo, mke wangu."

Chapchap akaketi kando yake, akamweleza yote tangu mwanzo.